Sin haigawiwi kama maandazi

Familia ya Bibi – Chumbageni
Ijumaa usiku

[20:41] Mwanaidi: Shikamooni wote. Shangazi Rukia upo hewani? Nimekwama hesabu za trigonometria, zile sin na cos za pembe, Jumatatu tunakusanya

[20:43] Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Nipo, ndiyo kwanza nanawa mikono. Lete

[20:44] Mwanaidi: sin(x + 30°) = 2 cos x, x ianzie 0° iishie 360°. Nimeandika sin x + sin 30° = 2 cos x, ikawa sin x + 0.5 = 2 cos x. Hapo siendi mbele sirudi nyuma

[20:45] Hamisi: Mimi na hesabu tuliachana kidato cha pili, talaka tatu 😂

[20:45] Shangazi Rukia: Hamisi tulia. Mwana, shika kalkuleta. sin 30° jumlisha sin 60°

[20:46] Mwanaidi: 1.366

[20:46] Shangazi Rukia: Na sin 90°?

[20:46] Mwanaidi: 1

[20:47] Shangazi Rukia: 30 na 60 si ndiyo 90 yenyewe? Sasa mbona majibu mawili? Na tangu lini sin ikavuka 1?

[20:47] Mwanaidi: Ohooo

[20:49] Shangazi Rukia: sin si namba iliyokaa nje ya mabano ikisubiri kuzidishwa. Huwezi kuigawa kama maandazi, hili la x, hili la 30. Miaka yote niliyoshika chaki, hapa ndipo walipokuwa wanadondokea. Andika:
sin(A + B) = sin A cos B + cos A sin B
cos(A + B) = cos A cos B − sin A sin B

[20:50] Mwanaidi: Nazikariri lakini zinanichanganya

[20:52] Shangazi Rukia: sin ni mtu wa watu, anachanganyika: sin na cos, cos na sin, na alama haigusi. cos anakaa na wa kwao: cos na cos, sin na sin, halafu mbishi, alama anaigeuza. Ukiona jumlisha ndani, nje ataweka kutoa

[20:53] Hamisi: Huyo cos namjua, tumesoma naye

[21:01] Mwanaidi: cos 30° ni √3/2, sin 30° ni ½. Kwa hiyo
(√3/2) sin x + ½ cos x = 2 cos x
(√3/2) sin x = (3/2) cos x
Nikagawa kwa cos x, na sin x gawa kwa cos x ndiyo tan x, kwa hiyo tan x = √3, x = 60° 💃

[21:02] Shangazi Rukia: Shusha miguu kwanza. Nani kakuruhusu kugawa kwa cos x? Ikiwa ni sifuri je?

[21:06] Mwanaidi: Ikiwa sifuri, kulia kunakuwa 0, basi na sin x lazima iwe 0. Lakini zote mbili haziwezi, maana sin²x + cos²x = 1. Kwa hiyo cos x hapa si sifuri

[21:07] Shangazi Rukia: Mstari huo uandike kwenye daftari, msahihishaji anautafuta. Na jibu ni hilo moja tu?

[21:09] Mwanaidi: tan inajirudia kila nyuzi 180... 240° pia! Nimerudisha: sin 270° ni −1, na 2 cos 240° ni −1. Imekubali

[21:10] Bibi: 🎤 (sekunde 9) "Jamani, simu inalia tu, inalia tu. Kuna msiba?"

[21:11] Shangazi Rukia: Hapana mama, tunamfundisha Mwanaidi

[21:13] Bamdogo Salimu: Dada, hizo sin za kuongezwa nyuzi ndizo zinazonilisha. Umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, kila fezi imepishana na mwenzake nyuzi 120. Mzigo ukilingana, waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, haupitishi kitu. Fundi aliyenifunza alisema iko hivyo, sababu hakunipa

[21:17] Shangazi Rukia: Sababu ni hii ya Mwanaidi. Chukua sin x + sin(x + 120°) + sin(x + 240°), fungua mbili za mwisho. cos 120° na cos 240° zote ni −½. sin 120° ni √3/2, sin 240° ni −√3/2, kwa hiyo vipande vya cos x vinauana. Inabaki sin x − ½ sin x − ½ sin x

[21:18] Bamdogo Salimu: Sifuri!! Miaka yote nashika testa

[21:19] Bamdogo Salimu: Na mbona fezi kwa fezi ni volti 400, fezi kwa nyutro 230?

[21:20] Shangazi Rukia: Gawa 400 kwa 230. Karibu 1.74, na √3 ni 1.73. Toa fezi moja kwenye nyingine kwa fomula hiyohiyo, √3 itajitokeza yenyewe. Mwanaidi, sehemu ya (b)?

[21:21] Mwanaidi: cos(x − 45°) = sin x

[21:21] Shangazi Rukia: Fanya peke yako. Kumbuka huyo ni mbishi

[21:48] Mwanaidi: Ndani kutoa, nje jumlisha. Nimepata tan x = √2 + 1, x ni 67.5° na 247.5°. Kugawa nimekutolea sababu 😅

[21:50] Shangazi Rukia: Sahihi zote mbili. Kalale

[21:52] Bibi: 🎤 (sekunde 6) "Salimu, kama umeme unaujua hivyo, taa ya ukumbini kwangu mbona inapepesa tangu Jumanne?"

[21:53] Bamdogo Salimu: Kesho asubuhi mama 🙏🏾