Gia boksi imekufa kwenye "kilomita 131,000": wenye magari madogo Nyanda za Juu Kusini, tuambizane ukweli

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Gari langu la familia, gari dogo la milango minne lenye injini ya sisi 1500, la mwaka 2009, lipo uani kwangu hapa Uyole wiki ya tano sasa, gia boksi yake ikiwa imeshushwa na kulazwa juu ya gunia. Sitataja kampuni iliyolitengeneza, kwa sababu siamini kwamba kosa ni lao. Yadi iliyoniuzia nayo sitaitaja hapa, kwa kuwa ninaandaa malalamiko rasmi na sitaki yaharibikie njiani.

Nililinunua Februari 2020 jijini Dar es Salaam kwa shilingi milioni 12.8, fedha ambazo mimi na mke wangu tulizidunduliza kwa miaka minne. Dashibodi ilisoma kilomita 78,000 na ushee. Muuzaji alituapia kwamba lilikuwa la mzee mmoja wa Japan aliyelitumia kuendea dukani na kurudi. Usukani ulikuwa umevishwa kava jipya, na mpira wa pedali ya breki ulikuwa mpya kabisa wakati mpira wa pedali ya mafuta umekwisha hadi chuma kinachungulia. Leo ningelitilia shaka jambo hilo papo hapo. Siku ile nilifurahi kwamba gari limetunzwa.

Tangu hapo tumeliendesha kama familia yoyote ya Mbeya inavyoendesha gari: mjini asubuhi, Uyole jioni, Tukuyu kila baada ya wiki mbili kumwona mama mkwe, na mara moja kwa mwaka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800 kwenda tu. Kwa miaka minne na nusu hiyo ni kama kilomita 53,000. Shokapu za mbele nimebadilisha mara mbili, bushi na boljointi sikumbuki mara ngapi, na hayo siyalalamikii hata kidogo, kwa sababu barabara zetu tunazijua.

Ninacholalamikia kilianza kwenye mpando wa kutoka Kiwira kwenda Isyonje. Anayeijua njia ile anajua kwamba ukishaiacha Kiwira ni kupanda tu, kona kwa kona, kwenye ukungu, na nyuma yako kuna lori la ndizi lisilotaka kupunguza mwendo. Nikiwa na watoto watatu, mama yao na mikungu miwili kwenye buti, injini ikaanza kuvuma kwa mzunguko wa juu huku mwendo ukishuka, sitini, hamsini, thelathini, mpaka nikalazimika kutoka barabarani. Nilipolipumzisha nusu saa likaondoka kama halijawahi kuumwa. Mchezo huo uliendelea miezi saba, kila mara kwenye mlima, kila mara likiwa limepata moto, mpaka Agosti 2024 lilipogoma kabisa, si mbele si nyuma. Lilikuja kuvutwa kwa kamba kutoka Igawilo.

Gia boksi hii ni ya aina ya CVT. Haina gia zinazopokezana moja baada ya nyingine. Ina puli mbili na mkanda wa chuma unaozunguka kati yake, na kinachoubana mkanda huo usiteleze ni mgandamizo wa oili. Oili hiyo ni maalumu kwa kazi hiyo. Mlima mrefu huipasha moto, moto huichosha, na ikishachoka mkanda huanza kuteleza na kuzikwaruza puli, vumbi la chuma likaingia kwenye vali, na kutoka hapo hakuna marekebisho ya bei nafuu. Fundi wangu wa sasa, kijana makini wa Mwanjelwa, alipofungua sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya gia boksi, alikuta oili nyekundu ya gia boksi za otomatiki za kawaida. Nikaitafuta risiti ya "huduma kamili" niliyofanyiwa na mafundi wa ile ile yadi siku niliyokabidhiwa gari, nikaikuta imeandikwa wazi: oili ya gia, lita nne. Waliniharibia gari kabla sijafika nalo Chalinze, na nililipia.

Hata hivyo, hilo si kubwa kuliko yote. Fundi alipokuwa akiitoa gia boksi aliniita nione kibandiko kidogo kilichofifia chini ya boneti, upande wa dereva, chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu. Miaka yote nimekuwa nikikiona na kudhani ni maandishi ya kiwandani. Kinasomeka 27.10.4, na chini yake 118,400. Jamaa mmoja anayeagiza magari kutoka Japan ndiye aliyetufumbua macho: hicho ni kibandiko cha gereji ya kule, kinachoandikwa tarehe ya huduma na kilomita zilizosomwa siku hiyo, na ile 27 ni mwaka wa 27 wa enzi ya mfalme wao wa wakati huo, yaani 2015. Kwa hiyo Oktoba 2015 gari langu lilikuwa limekwisha kutembea kilomita 118,400, na Februari 2020 likauzwa kwangu likiwa na 78,000. Likiwa liliendelea kwa mwendo ule ule wa kilomita zipatazo 18,000 kwa mwaka, basi lilipofika mikononi mwangu lilikuwa limekwisha kupita 190,000, na gia boksi iliyokufa Agosti haikuwa na 131,000 bali zaidi ya 240,000.

Ndugu zangu, nawaomba mlielewe hili vizuri, kwa maana wengi hudhani kwamba kurudisha kilomita nyuma ni wizi wa bei peke yake. Utunzaji wote wa gari unahesabiwa kwa kilomita: lini ubadilishe plagi, lini uikague pampu ya maji, lini umwage oili ya gia, lini uanze kuweka akiba ya kitu kikubwa. Mtu anayekudanganya namba hiyo moja amekudanganya hesabu zako zote za miaka mitano ijayo, na wewe mwenyewe, kwa uaminifu kabisa, unalitunza gari ambalo halipo.

Wakati tuko wazi kiasi hicho, fundi alikuta pia kwamba thamostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza yasizunguke mpaka injini ipate moto, haimo. Iling'olewa zamani na mtu aliyeamini kwamba nchi za joto haziihitaji. Hii ni Mbeya! Tuko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai watoto wanapanda gari wakitetemeka. Injini isiyo na thamostati haifiki joto lake la kazi kwa wakati, inakula mafuta, inazalisha uchafu ndani ya oili, na hita inapuliza baridi. Miaka minne nimekuwa nikilaumu hita. Wapo pia wanaojaza maji ya bomba kwenye rejeta badala ya kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, na ningependa wajue kwamba katika mwinuko huu maji matupu huchemka kwenye nyuzijoto kama 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta ukilegea na kulanti ikakosekana, gari litachemsha mlimani hata kama hewa ya nje ni ya baridi.

Sasa nimechoka kusikia kwamba "magari madogo hayafai Nyanda za Juu". Binamu yangu yuko Mafinga, ana gari kama langu, la 2008, aliloagiza mwenyewe mwaka 2016 akiwa na karatasi ya mnada mkononi, ile ya Japan inayoandikwa hali ya gari na kilomita zake. Ameupanda Mlima Kitonga na kuushuka mara zisizohesabika, oili ya gia anamwaga kila kilomita 40,000 na kuweka ile inayotakiwa, na amepita 210,000 kwa gia boksi ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Nilipowapigia watu wa yadi, jibu lilikuwa kwamba gari la mtumba halina garantii. Sikuomba garantii. Niliuliza nani aligeuza namba. Kukosa garantii hakumpi muuzaji ruhusa ya kusema uongo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa anayouza, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Nitakwenda huko na kibandiko changu, risiti yangu na picha ya dashibodi niliyopiga siku ya kununua. Gia boksi ya mtumba nimetajiwa shilingi milioni 2.3 pamoja na ufundi, na sina.

Ninachoomba kwenu ni taarifa, si pole. Mwenye gari dogo la familia Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe au Rukwa aandike hapa: mwaka wa gari, mwaka alionunua, kilomita za siku ya kununua na za leo, kama ni CVT au la, na kama gia boksi ni ile ya awali. Aliyepewa karatasi ya mnada na aliyenyimwa aseme. Tukishajaza magari ya kutosha tutajua ni gari lipi linadumu na ni yadi zipi zinatuibia.

NYONGEZA: Kwa walioniuliza mahali pa kutafuta kibandiko: fungua mlango wa dereva uangalie kwenye fremu, kisha fungua boneti uangalie sehemu ya mbele na karibu na kifuniko cha injini. Wauzaji hubandua vya mlangoni na kusahau vya kwenye boneti. Namba ya kwanza mara nyingi ni mwaka. Ikiwa ni kuanzia 1 hadi 31 ya enzi ya Heisei, kama ile 27 yangu, jumlisha 1988. Ikiwa ni ya Reiwa, iliyoanza Mei 2019, jumlisha 2018. Piga picha kabla hujampelekea fundi yeyote gari, na usimruhusu mtu akioshe chini ya boneti kwa mashine ya maji kabla hujamaliza kusoma.