Nimetupiwa kazi ya kuandaa mtaala wa digrii ya uhandisi wa programu, Tanga. Naombeni ushauri

Kasimama_Wima:
Habari za jioni wakuu. Mie ni mwalimu mdogo tu chuo kimoja huku Tanga (sikitaji, mabosi zangu wengine wamo humu humu). Idara inataka kuanzisha digrii ya miaka minne ya uhandisi wa programu na zigo la kuandika rasimu limeniangukia mimi, kisa ndio mdogo wao.

Sasa mkuu wa idara kaishika ile SWEBOK (kitabu cha maarifa ya uhandisi wa programu) ya IEEE Computer Society, chama cha wataalamu wa kompyuta, toleo la nne la 2024, kahesabu maeneo ya maarifa kayakuta 18, akaniambia "si haya hapa, maeneo 18 kozi 18, we weka majina na kodi za kozi tupeleke TCU" (Tume ya Vyuo Vikuu, ndio wanaopitisha). Kwa hiyo kozi nzima ya ubora, kozi nzima ya uchumi wa uhandisi, kozi nzima ya menejimenti ya konfigurasheni (kufuatilia matoleo na mabadiliko ya programu), na walimu tupo wanne tu, mmoja anaenda kusoma karibuni.

Kinachoninyima usingizi ni kitu kingine lakini. Mwaka jana vijana wa diploma walitengeneza apu ya mnada wa samaki pale soko la Deep Sea, kodi (maandishi ya programu) safi, skrini zinavutia, nikawapa A. Nikaenda nao asubuhi kuijaribu, ikamtaka mnadishaji imeili na neno la siri la herufi nane lenye herufi kubwa ndani. Yule baba mikono yote magamba, kaitazama simu, kamrudishia kijana, "mwanangu mie hapa ndoo ikishuka imeshauzwa, hayo maneno ya siri ntaandika saa ngapi?" Akaendelea kunadi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda kumuuliza kabla. Na A nilishatoa.

Sasa nianzie wapi?

MzeeWaChumbageni:
Hahaha huyo mnadishaji ndio mpeni uprofesa.

Kibatari:
Mkuu, bosi wako kashika kitabu kizuri ila kakishika kichwa chini. SWEBOK haikuandikwa kuwa mtaala, inaeleza anachotakiwa kujua mtu mwenye digrii tayari na kama miaka minne ya kazi juu yake. Kwa digrii yenyewe ACM (chama kingine cha kompyuta) na IEEE Computer Society wana mwongozo wao mwingine, SE2014, toleo la kwanza lilikuwa la 2004. Humo ndani kuna kitu wanakiita SEEK, orodha ya anachotakiwa kufundishwa mwanafunzi, maeneo 10, na kila eneo limepewa saa za chini za darasani, jumla 467.

Sasa piga hesabu. Kozi ya saa tatu kwa wiki, wiki 15, ni saa 45, kwa hiyo 467 ni kozi kumi na kidogo tu, tena ndani yake misingi ya kompyuta imekula saa 152 na hisabati na misingi ya uhandisi 80. Ubora umepewa saa 10! Bosi anataka kuupa 45. Usalama 20, usanifu 48. Hizo 10 za ubora hazihitaji kozi, zinaingia ndani ya kozi nyingine na maisha yanaendelea.

dev_wa_raskazone:
Mi naona mnawapotezea vijana muda na makaratasi ya Wazungu, wafundisheni Flutter (zana ya kutengenezea apu), wafundisheni kuunganisha malipo ya simu na kontroo namba, wakitoka wanakula. Mi nimejifunza YouTube na sijawahi kuulizwa SEEK wala nini.

BintiTestingi:
@dev_wa_raskazone kaka angu usikasirike ila kodi za watu wa aina yako ndio zinanilaza ofisini mpaka saa nne usiku. Napima mifumo hapa Dar, vijana wanaokuja fildi wanajua Flutter vizuri tu, ukimwambia niandikie majaribio ya hii fomu ya malipo anajaribu jina lake na shilingi elfu kumi, imekubali, "dada tayari". Hajajaribu sifuri, hajajaribu mtandao ukikatika katikati, hajabonyeza LIPA mara mbili. Hiyo mara mbili ndio hela ya mtu inakatwa mara mbili!! SE2014 imeupa upimaji saa 37, ila mwalimu tafadhali usizitupe zote semesta ya saba kozi moja, mtoto akiandika programu yake ya kwanza mwaka wa kwanza aandike na majaribio yake hapo hapo.

dev_wa_raskazone:
Sawa dada, hiyo ya kubonyeza mara mbili imenigusa. Ngoja nikaangalie kitu.

Kibatari:
Hahaa kimbia. Ila apu kutumika ni sawa, tatizo ni kuifanya ndio jina la kozi. Mambo hubadilika, hata SWEBOK yenyewe ya 2014 ilikuwa na maeneo 15, hii mpya imeongeza usanifumfumo (architecture), usalama na uendeshaji. Ukiandika "Flutter" kwenye jina la kozi iliyopitishwa TCU, kuja kuibadilisha ni vikao juu ya vikao. Andika "utengenezaji wa programu za simu", ndani humo fundisha unachotaka.

Mama_Makorora:
Mie nimekaa kamati za mitaala miaka. Mwanangu usianze na kozi. Anza na kijana akimaliza aweze kufanya nini, andika kwa vitenzi, "aweze kumhoji mtumiaji na kuandika mahitaji yake", sio "ajue mahitaji". Ukishapata kozi zako ndio uchore jedwali, kozi huku maeneo ya SEEK huku, uone wapi patupu na wapi kitu kimoja kinafundishwa mara tatu, maana hiyo ya mara tatu ipo kila chuo. Na kumbuka krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi mzima mzima, kujisomea na maabara humo humo, mwaka 120, kwa hiyo una 480 za kugawa na sio zote za darasani. Mradi wa mwisho uwe mwaka mzima, mwongozo nao unasema hivyo, semesta moja ndio inazaa hizo apu za waja leo waondoka leo. Mteja awe mtu wa kweli, na maksi zitoke kwake pia.

Bosi usimbishie kikaoni. Mpelekee jedwali lake la kozi 18 na majina ya walimu wanne pembeni, mwambie akugawie yeye.

Kasimama_Wima:
Mama shikamoo, hiyo ya kumgawisha bosi nimeipenda mno. Kesho alfajiri narudi Deep Sea na wale vijana, bila simu, daftari tu, wakae wamsikilize yule baba mpaka mnada uishe.

MzeeWaChumbageni:
Ukipita niletee changu wawili, na kama apu inafanya kazi lipia huko huko.