Dogo ana futi 6 na inchi 4 anataka kuacha shule akacheze kikapu, namwambiaje?

mjomba_pasua:
Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi, naishi na mtoto wa dada yangu, ana miaka 16 yuko form three na bado anapanda tu kama mgomba. Kikapu kaanza mwaka juzi na sasa hivi haambiliki. Viatu vyenyewe anavaa namba 47, Memorial nimezunguka mpaka wauza mitumba wakiniona wanacheka, kwa hiyo wanapeana zamu na mwenzake pea moja, mmoja akiingia uwanjani mwingine anakaa pembeni na ndala. Juzi kamwambia mama yake shule basi, kwamba hata Giannis Antetokounmpo alikuwa anagawana viatu na kaka yake na leo yuko NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani. Dada analia, mimi ndo mjomba natakiwa niongee naye, na nimekosa la kusema maana ya Giannis ni kweli.

chalii_ngarenaro:
Ya viatu ni kweli, yeye na kaka yake Thanasis. Wazazi wametoka Nigeria, yeye kazaliwa Athens 1994, familia inatembeza saa na miwani mtaani, na uraia wa Ugiriki kaja kuupata 2013, mwaka huohuo Milwaukee Bucks wakamchukua namba 15 kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, 2019 na 2020, ubingwa 2021, ile mechi ya sita na Phoenix Suns katupia pointi 50, dah niliangalia alfajiri simu ina chaji asilimia nne. Ila arifu muulize dogo, Giannis alikuwa anacheza wapi? Alikuwa na klabu, Filathlitikos, madaraja ya chini huko ila ina kocha na ina ligi, na maskauti wa NBA, wale wasaka vipaji, walipanda ndege kumfata hukohuko. Hapa Chuga na Moshi skauti atamwona dogo kwenye nini, bonanza?

meku_rau:
Mnaenda Ugiriki kufanya nini na Hasheem Thabeet yupo? Mtanzania wa kwanza NBA. Baba kafariki yeye bado mdogo, kikapu kaanza akiwa na kama miaka 15, kapita Makongo, sekondari kamalizia Houston, chuo UConn 2006 mpaka 2009, ndo Memphis Grizzlies wakamchukua namba 2. Sasa hesabu, Makongo shule, Houston shule, UConn chuo. Huyo ana futi 7 na inchi 3 na bado alipitia darasani, dogo wako na 6 na 4 zake anapitia wapi?

kikapu_damu:
Namba 2 halafu? Drafti hiyohiyo namba 3 alikuwa James Harden, namba 7 Stephen Curry, wote wakawa mastaa wakubwa. Hasheem 2014 NBA ndo ikaishia hapo.

meku_rau:
Misimu mitano NBA we unaona kidogo, wewe umecheza mingapi? Na hiyo ndo hoja yangu, mtu namba 2 kabisa kaachwa ana miaka 27, sembuse aliyeacha form three.

mama_wawili_sakina:
Kaka usimwambie kikapu basi, atakukimbia. Mazoezi jioni aende, akileta sifuri ya hesabu wiki hiyo hakuna mpira. Halafu mjihadhari na watu wa skolashipu za Marekani, mdogo wangu alifatwa na mmoja, laki nane eti ya fomu, tukachanga ukoo mzima, simu haipatikani mpaka leo.

mjomba_pasua:
Nimemsomea uzi wote. Kakaa kimya weee halafu kaniuliza Hasheem hesabu alikuwa anapata ngapi 😂 nikamwambia mimi nitajulia wapi, zako ndo nazijua. Jumatatu anasema ataenda, ila kanuna, hata ugali kaacha.

chalii_ngarenaro:
Njaa ikimuuma atakula. Nina pea ya 47, soli ya kushoto imeanza kuachia ila fundi anashona hiyo. Naituma na basi la kesho asubuhi, nichek inbox nikupe namba ya konda.