Tupeane uzoefu: banda la Waswahili kwenye UK Black Pride, London

Kanga Mbili
Jamani, tuyaweke haya mahali pamoja maana kila Agosti maswali ya kuendesha banda letu ni yale yale. Kwa wageni: UK Black Pride ilianzia kwenye safari ya basi ya 2005, wanawake Weusi wapendao wanawake wakienda ufukweni Southend-on-Sea. Phyll Opoku-Gyimah ndiye muasisi anayejulikana zaidi. Leo ni tamasha la kuchu (wapendao jinsia yao, waliobadili jinsia na wenzao) wenye asili ya Afrika, Asia, Karibiani, Mashariki ya Kati na Amerika ya Kusini. Mwaka 2019 lilikuwa Haggerston Park, na 2022 likahamia Queen Elizabeth Olympic Park, Stratford. Nani alimpenda nani tutasimuliana siku nyingine, hapa leteni vipimo.

Naanza na saa. Mkitangaza muda wa kushusha mizigo andikeni 08:00, msiandike "saa 8". Kwa mtu wa Mombasa hiyo ni mchana, kwa kijana aliyezaliwa Leicester ni asubuhi, na magari hutolewa uwanjani kabla watu hawajaanza kuingia. Anayefika mchana na masufuria atayabeba kichwani.

Sufuria Kubwa
Pilau: gramu 100 za mchele mkavu kwa sahani, yaani kilo 10 kwa sahani 100. Msipike yote alfajiri. Sheria ya Uingereza inataka chakula cha moto kikae nyuzi 63 au zaidi. Kikishuka hapo mna saa mbili za kukiuza, mara moja tu, kisha kinamwagwa. Wali ni mtundu kuliko nyama: kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, na wali ukikaa vuguvugu vinatoa sumu ambayo hata ukipasha tena haiondoki. Kwa hiyo pikeni kwa mafungu ya kilo tatu tatu, fungu jipya liingie motoni la kwanza likifika nusu. Kosa la kila mwaka ni kufunika sufuria kwa taulo na kuapa kwamba "bado ya moto". Chomeka kipimajoto katikati, halafu pembeni, maana pembeni ndiko hupoa kwanza.

Kikundi kinachouza chakula mara kwa mara kijisajili halmashauri siku 28 kabla ya kuanza. Vyakula vya mzio vinavyotajwa na sheria ni 14. Mandazi yana ngano, na maziwa au mayai kama mmetia. Nazi haimo kwenye hizo 14, lakini iandikeni tu. Kuhusu halali, nyama peke yake haitoshi: koleo la mishkaki lisiguse kitu kingine.

Bi Shanga
Turubai la mita 3 kwa 3 bila uzito ni tiara. Penye sakafu ngumu hamtapigilia vigingi, kwa hiyo kila mguu ufungwe ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ambayo ni kilo 20. Kamba itoke kwenye kona ya juu ya paa. Ndoo iliyoegeshwa tu mguuni haizuii kitu, upepo huanza kunyanyua paa. Basi.

Jicho la Pembeni
Kwangu kubwa ni picha. Mtu anaweza kuwa huru Stratford na bado mjomba wake yuko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kule Tanga. Tepe za mkononi za rangi (nyekundu maana yake "usinipige picha") zinasaidia mpiga picha akiwa karibu tu. Mkono ukishuka, au picha ikipigwa kutoka mbali, tepe haionekani. Afadhali kibandiko kikubwa kifuani, tena mgongoni pia.

Anayeumizwa kwa kawaida si aliyesimama mbele ya kamera. Ni yule wa nyuma anayekula sambusa. Tengeni kona moja ya picha yenye pazia nzito nyuma, na viti vya kulia chakula viwe upande usioelekea njia kuu. Mpiga picha wenu apige akiwa ameipa mgongo njia, akielekea pazia. Matangazo ya mubashara ndani ya banda yapigwe marufuku kabisa, kwa sababu hayana nafasi ya kukagua. Picha nyingine zikae saa 48, watu wawili wazipitie wakitazama nyuso za nyuma, ndipo zipandishwe. Kumfifisha mtu uso hakutoshi kama kanga yake ina jina la shule ya mwanawe.

Karani wa Faili
Naongeza upande wa pili. Wapo waomba hifadhi wanaozitaka hizo picha kwa ajili ya faili lao la maombi, kuonyesha kwamba wao ni kuchu. Wapigeni picha kwa simu zao wenyewe, pamoja na watu waliokubali, na wasizipandishe popote. Ila wakili awaambie mapema kwamba picha peke yake ni ushahidi mwepesi, huweza kuonekana ya kupangwa. Barua ya kikundi inayoeleza mtu amehudhuria tangu lini na anafanya nini ina uzito zaidi.

Jambo la pili: asiye na kibali cha kazi msimpe "asante" ya pauni 30 kwa kupiga ngoma au kuuza. Hiyo yaweza kuhesabiwa kazi, na matatizo yatamwangukia yeye. Kujitolea kwa shirika la hisani kunaruhusiwa, na mnarudisha nauli na chakula kwa gharama halisi. Nauli yenyewe msiitoe kwa sarafu, mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu 2014. Wekeni kadi tano za nauli za Oyster zenye salio, mziazime na kuandika namba zake.

Bi Shanga
Na bango? Mwaka huu kuna wanaotaka "Mashoga wa Pwani".

Kanga Mbili
Bibi zetu wa pwani bado wanaitana "shoga" kwa maana ya rafiki wa kike, kwa hiyo kwa mmoja ni utani mtamu na kwa mwingine ni tusi alilotupiwa mtaani. Mkilitaka, liwe kwenye fulana, mtu achague kulivaa. Bango liandikwe "Karibuni" tu, bila bendera ya nchi, maana ndilo litakalokuwa juu ya kichwa cha kila anayepita kuchukua pilau.