Halloween na chakula cha jirani: naombeni ushauri, watoto wanakuja keshokutwa na mimi nimekwama

BintiPangani:
Habari za saa hizi wakuu. Niko Marekani na mume wangu na watoto, mwaka huu ndiyo mara ya kwanza tuna nyumba yetu wenyewe, zamani tulikaa ghorofani hakuna aliyekuja kugonga. Sasa mtaa mzima umepambwa, maboga barazani, mifupa ya plastiki imelazwa kwenye nyasi, na watoto watapita tarehe 30 jioni kuanzia saa 12 mpaka saa 2, eti kila mtoto lazima atoe kichekesho ndiyo apewe pipi. Nina maswali mawili. Kwanza, pipi gani watoto wa huku wanazipenda kweli, maana dukani mifuko imejaa na bei si mchezo, sitaki kununua za kutupwa. Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi, jirani yetu mama mmoja mkarimu sana ametualika tukale kwake wakishamaliza kuzunguka, yeye anapika chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, na roli za mdalasini, vile vimkate vitamu vya kuviringisha, mimi akasema nije na chochote cha kwetu cha kupasha mwili joto, na baridi ndiyo hii majani yote chini. Natamani ale aseme hawa watu wanajua kupika. Msinitanie jamani nina wasiwasi kweli.

MzeeWaBaraza:
Mwanangu kwenye pipi hakuna mjadala, nunua Reese's zile za siagi ya karanga, Snickers na Kit Kat, ukiweka hizo bakuli linakwisha kabla ya saa moja na nusu. Zile punje za rangi tatu, nyeupe, chungwa na njano, usiguse, miaka yote niliyokaa Texas naziona zinarudi ndani na bakuli. Na kama una uwezo mpe kila mtoto chokoleti nzima badala ya hizi za kidole, mtaa mzima watakukumbuka.

MsafiriLowell:
Umenikumbusha mbali dadangu. Mimi nilifika hapa Massachusetts mwezi wa kumi, nikaanza kazi ya usiku nyumba ya wazee, hakuna mtu aliniambia mambo ya Halloween, sasa siku hiyo niko off nimelala nikasikia kengele, nafungua napata ka-mtoto kamevaa mifupa na kengine kamefungwa bandeji mwili mzima kananiwekea mfuko mbele, nikadhani wanaomba chakula, nikaenda jikoni nikawapea ndizi mbili na viazi vitamu vya kuchemsha bado vina moto. Mama yao alikuwa amesimama hapo kwa barabara, akacheka mpaka akashika mti, lakini mtoto viazi alikula hapo hapo! Kwa hivyo usiogope chakula yetu. Pika githeri, weka viazi na karoti, hakuna kitu inashinda githeri wakati wa baridi. Na ukichoka zima taa ya baraza, hiyo ndiyo ishara huku kwamba pipi zimeisha.

NeemaTele:
Dada mpendwa, mimi siulizi pipi, nakuuliza kwa nini uingie kwenye sikukuu ya giza. Watoto wanavaa mapembe na damu wewe unawafungulia mlango unawashukuru. Leo pipi kesho nini. Funga pazia, washa nyimbo za sifa.

PadriMtarajiwa:
@NeemaTele tuelewane, tarehe 31 ni mkesha wa Watakatifu Wote, na tarehe 1 Novemba hata kwetu tunaenda misa. Haya mambo ya kuchonga yametoka Ireland, walikuwa wanachonga tanipu, ule mzizi mviringo kama figili kubwa, Marekani wakakuta maboga makubwa wakahamia huko. Mtoto wa miaka mitano aliyevaa nguo ya nyuki hajamwita shetani. Dada mpikie jirani yako.

NesiMkunazini:
BintiPangani kabla hatujafika mbali, huyo jirani ana watoto? Na kuna mtu ana aleji yoyote mle ndani? Huku hilo ndilo swali la kwanza unapoalikwa na sahani mkononi.

BintiPangani:
Asanteni wote. Mzee shikamoo, nimekuelewa kwenye pipi. Msafiri githeri ndiyo makande yetu, nimeyafikiria ila mahindi makavu ya huku ya kutafuta mpaka mtu awe na gari siku nzima. NeemaTele mama nakuheshimu lakini watoto wangu wanasoma na hawa watoto. Mimi mawazo yangu yalikuwa boga la nazi na pembeni kashata za karanga, na kwa kweli kashata nimeshazianza, kuna mtu alitoka nyumbani akaniletea karanga za mama, nimezikaanga nimezimenya mwenyewe, sukari imeyeyuka vizuri na iliki, nimemwaga kwenye sinia nikakata zikiwa bado za moto zimetoka pembe nne kama za dukani. Nyumba nzima inanukia.

MsafiriLowell:
Kashata aki! Nitumie posta.

NesiMkunazini:
Umejibu watu watatu mimi umeniruka. Nauliza tena, kuna aleji?

BintiPangani:
Dada Nesi sikukuruka. Haya. Ana mtoto mmoja wa miaka 6, anapanda basi moja na wa kwangu. Mama yake aliwahi kuniambia pale kituoni kwamba mtoto hali karanga na akanionyesha kikalamu cha sindano kwenye begi. Lakini sikuona kama ni jambo la kuleta hapa maana kashata si za mtoto, ni za watu wazima na chai, nitaziweka upande wangu wa meza na kifuniko juu, na yeye keshazoea kujikinga. Mtoto nitampa boga. Halafu wenyewe barazani kwao wamepamba kama wengine, boga wamelipaka rangi ya bluu inayoelekea kijani, mtu aliyeogopa hivyo si angezima taa asishiriki kabisa?

NesiMkunazini:
Subhanallah. Hilo boga si pambo bibie, hilo ni tangazo. Lilianza Tennessee mwaka 2012, mwaka 2014 likaenea nchi nzima, maana yake nyumba ile inagawa vitu visivyoliwa ili watoto wenye aleji nao wapite wachukue. Na kikalamu kile ni epinefrini, dawa ya dharura ya aleji. Mtoto hatembei na epinefrini kwa sababu hapendi karanga, anatembea nayo kwa sababu koo linaweza kuvimba akakosa pumzi katika dakika chache. Miaka 6 huyo, atakaa upande mmoja wa meza usiku ule? Watoto wamekula sukari wanakimbizana chini ya meza, wa kwako atashika kashata halafu atamshika mwenzake mkono. Na usiseme utawapaka sanitaiza, sanitaiza haitoi karanga mikononi, inatolewa na sabuni na maji. Sasa niambie, karanga ulizikaangia kwenye sufuria ipi, na boga unapikia ipi?

BintiPangani:
Ile ile. Ninayo moja kubwa. Lakini imeoshwa! Dada usinione mkatili, mimi nina watoto. Ila kwetu Pangani tumekua na karanga, mtoto ananyonya mama anatafuna karanga, sijawahi kuona mtu amezimia. Na hizi si za kiwandani zenye madawa, hizi za mama yangu.

MzeeWaBaraza:
Hapo mwanangu siko na wewe. Nami Reese's na Snickers zangu naziondoa kwenye orodha ya mtaa wako, zote karanga. Skittles na Starburst ndizo nafuu, na usome pakiti yenyewe uliyoshika maana hizi ndogo za Halloween mara nyingine viungo vyake si sawa na zile kubwa za siku zote. Na kashata mlangoni usigawe hata kama zingekuwa za nazi tupu, wazazi huku wanatupa chochote kisicho na karatasi ya kiwanda. Mwaka 1974 hapa Texas, Deer Park, baba mmoja alitia sayanidi kwenye pipi ya unga akampa mwanawe wa kumzaa, alitaka hela ya bima. Mgeni hakuhusika, baba mwenyewe, lakini hofu ikabaki kwa kila mtu.

JichoLaTatu:
Samahanini mimi nimesoma uzi huu kuanzia juu na kuna vitu havikai. Halloween ni tarehe 31, Marekani yote, dunia yote, huyu anasema watoto wanakuja 30. Halafu mtoto anatoa kichekesho ndiyo apewe pipi, wapi hiyo? Nimekaa New Jersey sijasikia. Chili na roli za mdalasini kwenye sahani moja, nani anakula hivyo? Na aleji ikatokea katikati baada ya kubanwa kama tamthilia. Huyu yuko Mbezi na bando lake anatutungia hadithi, nesi wa watu anajichosha bure.

MsafiriLowell:
Ehh. Sasa hata mimi nashangaa, huku kwetu ni 31.

BintiPangani:
JichoLaTatu kaka yangu mimi nitunge ili iweje? Tarehe nimepewa na shule.

BabaFurahaUvira:
Habari za wote. Miye niko Des Moines, Iowa, mutu wa Uvira, nilipitia kambi ya Nyarugusu ndiyo nikaja huku. Dada anasema kweli kabisa. Hapa usiku wa batoto ni tarehe 30, ni desturi ya muji huu toka 1938, walianzisha sababu vijana walikuwa wanaharibu vitu vya watu usiku ule, basi wakasema mutoto asiombe bure, aimbe ao atoe kichekesho. Kuna mwaka wanasogezaga, mvua ikikuwa mbaya ao wakiamua, lakini desturi ni 30. Wangu mukubwa anarudia kichekesho kimoja nyumba yote mpaka tumekikariri. Na chili na ile roli ya mdalasini, kaka wa New Jersey, batoto wetu wanapewa shuleni hivyo hivyo, wanachovya roli ndani ya chili. Nilikataa, sasa napikaga mwenyewe. Dada uko Des Moines?

BintiPangani:
Niko karibu kabisa na hapo kaka. Asante, nilianza kulia.

JichoLaTatu:
Sawa, Iowa nimewapa. Ila ya karanga bado hujaijibu.

NesiMkunazini:
Na aijibu, mtoto anakula keshokutwa. Sufuria kama ni ya chuma iliyo laini sugua na sabuni na maji ya moto, suuza, inafaa. Mwiko wa mti uliokorogea kashata weka kando, chukua mwingine, na ubao uliokatia hivyo hivyo. Na mbuzi au mashine kama ilisaga karanga usiikaribishe kwenye kazi hii. Nazi nayo muulize mama mtoto kwa mdomo, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walikuwa wanaihesabu pamoja na korosho na lozi mpaka Januari 2025 ndiyo wakaitoa, kwa hiyo familia nyingi bado wanaikwepa. Na mkate wa ufuta usipeleke bila kuuliza, ufuta nao wameuingiza kwenye orodha kubwa ya aleji.

BintiPangani:
Nimempigia sasa hivi. Nazi anakula, ameniambia anakula hata barafu za nazi. Nilipomuuliza habari ya karanga akanyamaza kidogo halafu akasema hakuna jirani amewahi kumpigia kuuliza. Basi. Napeleka boga la nazi na makande kidogo ya maharage, mahindi ya kopo yatosha. Barazani naweka Skittles, na bakuli la pili bangili zile zinazong'aa gizani, mume wangu ameenda kutafuta na rangi ya boga. Kashata sizitupi, nimeshasema, jasho langu hilo. BabaFuraha kwako kuna mwenye aleji?

BabaFurahaUvira:
Hakuna dada, tuko saba na wote wanakula karanga na sombe, ile munaita kisamvu. Nakuja kuchukua kesho nikitoka kazi, mke wangu anakutumia sambaza, bale basamaki badogo.

MsafiriLowell:
Na mimi niliomba kwanza!

BintiPangani:
😂 Jamani swali la mwisho. Lile boga kubwa la kuchonga nimelionja ni maji matupu. Nipikie lipi, na nichemshe leo au keshokutwa asubuhi? Tui la kopo likilala si linakatika?

NesiMkunazini:
La kuchonga acha lichongwe. Tafuta kabocha, lile la kijani dogo gumu, duka la Wachina wanalo, linakaribia la kwetu, ukikosa chukua lile boga la batanati (butternut). Chemsha asubuhi ile ile na chumvi kidogo, maji yakikaribia kukauka tia tui jepesi, sukari na iliki, tui zito mwisho kabisa kwa moto mdogo, usifunike na usiligeuze geuze litapondeka.