Naomba ushauri: kuwatembeza wazee Mji Mkongwe

Wakuu, salaam. Kikundi cha watu 14, wengi miaka 60 na zaidi, kinataka matembezi ya historia Unguja, yasizidi muda wa saa 3. Rasimu: kuanza saa 2 asubuhi Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, kupitia mtaa wa Hurumzi, kumalizia Ngome Kongwe na Forodhani. Ijumaa nimeiondoa.

Tatizo ni vichochoro. Watu 14 wakifuatana mmoja mmoja, wa nyuma haambulii kitu. Vespa ikipita, wote ukutani na maelezo yamekatika. Nigawe vikundi 2 vya watu 7, au nisimulie penye baraza tu, wakae kabisa? Baraza zipi zina kivuli hadi saa 4? Na wale wa magoti, vyumba vya chini ya ardhi pale Mkunazini waviruke?