Admini kanitoa kwenye kundi la siasa SENTENSI HAIJAISHA

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule admini wa kundi letu la WhatsApp la siasa hapa Moshi (mnamjua, yule wa kofia) kanitoa sasa hivi. Mtori wangu bado unafuka mezani, nipo Mbuyuni hapa.

Kosa langu? Kijana mmoja kadai vyama vingi vililetwa na wengi. Nikamweleza kistaarabu kwamba Tume ya Nyalali, ile ya Jaji Nyalali iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu vyama, 1991, ilikuta karibu asilimia 80 wanataka chama kimoja kiendelee, na bado ikapendekeza vingi, 1992 vikaja. Nikaingia aya ya pili: "Sasa ndugu zangu, swali la kujiuliza ni..." Pap! Umeondolewa. Swali limebaki kidoleni!

Na lile kundi lilikuwa moto aisee. Uchaguzi wa 2015 tulikesha, watu wanatukanana usiku kucha, jioni wako kata moja ya mbege. 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, wenye blogu wakadaiwa leseni. Admini wetu hakudaiwa hata mia, ila ndiye aliyeogopa kuliko wote. "Jamani tupunguze siasa." Kundi la siasa! Bucha linauza mchicha.

Siku hizi ni maua ya asubuhi njema, viwanja vya Bomang'ombe na jamaa wa dawa ya kitambi. Wa kitambi hajawahi kuguswa. Mimi, sentensi haijaisha!

Kitochi Baridi: Aya ya pili? Mangi, nipo humo. Ilikuwa ya tisa, na ulianza saa kumi na moja alfajiri.

Mama Wawili: Mimi alinitoa mwezi wa tano. Nilicheka tu kwenye tangazo la kiwanja, kumbe cha shemeji yake.

Chalii wa Ngarenaro: Afadhali yenu. Wetu Arusha kafunga kundi, anaandika peke yake na kujipigia makofi peke yake.

Mtoa mada: Ya pili au ya tisa, sentensi HAIKUISHA.

Kitochi Baridi: Imalizie hapa basi. Swali la kujiuliza ni nini?

Mtoa mada: Hasira zimenisahaulisha.

Kitochi Baridi: 😂😂😂 Admini apewe maua yake.

Mzee wa Pasua: Hivi mtori Mbuyuni bei gani sasa? Juzi nimeuziwa maji ya moto na ndizi mbili.

Mama Wawili: Nyama unasimuliwa tu.

Chalii wa Ngarenaro: Njooni soko la Kilombero huku Arusha, mfupa unaotosha kumtoa mtu kwenye kundi.

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye mada, huyu mtu kanitoa katikati ya

Mzee wa Pasua: Samahani, mwenye namba ya yule wa dawa ya kitambi anitumie inbox.